Goti Halizoei

Mwaka jana, kwa miezi minne hivi, nilikuwa nashuka ngazi za ploti yetu kwa ubavu, kama kaa. Nina miaka 24. Mama wa orofa ya nne, ambaye hupandisha mitungi miwili ya maji bila kuhema, alikuwa ananipita pale kwenye kona na kuniuliza, "Kijana wangu, ulianguka?" Sikuwa nimeanguka popote. Nilikuwa nimeanza kwenda kazini kwa baiskeli.

Kila niliyemwambia magoti yananiuma alinijibu kwa neno moja. Utazoea. Bosi wangu: utazoea. Wasee wa boda pale steji: buda, utazoea tu. Binamu yangu, ambaye hajagusa baiskeli tangu darasa la sita: ni mwili unazoea, wewe endelea. Hata mimi nikaanza kujiambia hivyo jioni nikirudi, huku meno nimeyauma.

Sikuzoea. Goti halizoei. Tatizo lilikuwa kiti. Kilikuwa chini kwa zaidi ya sentimita 7, na dawa yake ilikuwa spana moja. Ndiyo maana naandika. Umakanika nitawafundisha kidogo, mnivumilie, lakini hasa nataka kuipinga hii tabia yetu ya kumwambia mtu avumilie kitu ambacho kina nati.

Baiskeli yenyewe ni Black Mamba. Unaijua hata kama hujawahi kuikalia: nyeusi, chuma tupu, gurudumu la inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, na keria nyuma inayobeba gunia la viazi au shemeji, chochote kitakachotangulia kufika. Mfano wake ni wa Uingereza, Raleigh wa Nottingham wakiwa jina kubwa kwenye hiyo biashara, halafu Wahindi na Wachina wakaendelea kuiunda Wazungu wenyewe wakiwa wameshahamia vitu vyepesi. Hapa kwetu ndiyo iliyobeba maziwa, mikate na mitungi ya maji, na ndiyo iliyozaa boda boda kule mpakani Busia na Malaba, kabla pikipiki hazijalichukua hilo jina.

Hii yangu ilikuwa ya mjomba. Mjomba alikuwa soja Industrial Area. Aliinunua ikiwa imetumika, akaiendesha miaka 19, usiku akienda na asubuhi akirudi. Alipoacha kazi magoti yake yalikuwa yamekwisha, akasema baiskeli haimfai tena, nichukue mimi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na nilikuwa nimepata kazi tao ya kusahihisha na kupanga vitabu vya mazishi na kadi za harusi. Usiku naandika. Nauli ya mathree asubuhi na jioni ilikuwa inakula robo ya ninachopata. Kwa hivyo niliipokea ile baiskeli kama mtu aliyeachiwa shamba.

Sasa piga hesabu nami. Kutoka kwetu Umoja hadi tao ni kama kilomita 10. Gia ya mbele ina meno 44, ya nyuma 18, na gurudumu likizunguka mara moja linameza kama mita 2.2. Yaani pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inasonga kama mita 5.4. Kwenda na kurudi ni mizunguko 3,700 hivi. Toa ile ya mteremko ambapo miguu inapumzika, bado uko juu ya 3,000. Siku sita kwa wiki. Kila mzunguko goti linakunjwa na kusukumwa. Likikunjwa vibaya kidogo, hiyo si kidogo tena. Ni vibaya kidogo mara 18,000 kwa wiki.

Kiti kikiwa chini, goti halipati nafasi ya kunyooka. Linabaki limekunjwa sana wakati ule ule unapolisukuma kwa nguvu zaidi, na mzigo unaikandamiza pia ya goti, lile fupa la mviringo la mbele. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanakuambia kiti kiko chini, au kimesogea mbele mno. Yakiwa nyuma ya goti, huenda kiti kiko juu mno na unanyoosha mguu kupita kiasi. Nyonga zikiyumba kulia na kushoto kama unacheza chakacha, hapo pia kiko juu. Kwa hivyo mwili wangu haukuwa unalalamika ovyo. Ulikuwa unataja mahali, kila siku, na sote tukiujibu kwa neno moja.

Aliyeusikia ni fundi wa baiskeli karibu na steji yetu, mzee ambaye ofisi yake ni mwavuli, sanduku la mbao na beseni la maji ya kutafutia pancha. Nilikuwa nimempelekea pancha. Akaniona nikija, magoti yakitaka kugonga hendobo, akacheka.

"Kijana, hii ni ya ndugu yako mdogo?"

Nikamwambia, "Hapana mzee, ni ya mjomba. Na mjomba ni mrefu kunishinda."

Akaacha kucheka. "Ebu panda tuone."

Akaishika keria, nikakaa. "Weka kisigino kwa pedali. Zungusha mpaka iende chini kabisa. Mguu umenyooka?"

Haukuwa umenyooka hata karibu.

"Huyo mjomba wako," akasema, "alikuwa anaendesha amechuchumaa."

Kiti hakikutaka kupanda. Ile paipu inayokishika ilikuwa imeshikana na fremu kwa kutu. Mzee akalegeza nati, akamimina mafuta ya taa pale paipu inapoingilia, akaniambia nirudi jioni. Jioni akakizungusha kiti kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto, hadi kikakubali. Akaipaka paipu girisi, akakipandisha, akakaza. Ukitoa muda ambao mafuta ya taa yalikuwa yanakula kutu, ilikuwa kazi ya dakika 10. Wiki tatu baadaye nilikuwa nashuka ngazi nikitazama mbele.

Furaha ilikaa siku mbili hivi. Baada ya hapo nikakasirika, na bado sijaacha.

Kile kiti hakikupangwa na mjomba. Alikinunua kikiwa hivyo. Labda mwenye baiskeli wa kwanza alikuwa mfupi. Labda muuzaji alikiteremsha ili baiskeli ienee kwenye lori. Hakuna anayejua. Mtu tusiyemjua alikaza nati, kutu ikaiziba, na watu wawili wa familia moja wakaja kuuchukulia uamuzi wake kuwa ndiyo umbo la baiskeli.

Na maelezo tulikuwa nayo tayari. Tuna mapenzi ya ajabu na maumivu siku hizi. Fungua simu asubuhi, kuna mtu amejirekodi saa kumi alfajiri akikuambia hasla haina huruma, wenzako wamelala, wewe umia. Ukiumia ni dalili unajituma. Usipoumia una mchezo. Mvumilivu hula mbivu, tumeambiwa tangu nasari. Sawa. Lakini hiyo methali ni ya embe. Embe ukiliacha linaiva. Goti ukiliacha haliivi.

Mbaya zaidi, tukishakataa kutazama kiti tunatafuta kosa kwa mwenyewe. Rafiki yangu mmoja, msichana wa Buruburu, aliacha baiskeli baada ya wiki tatu kwa sababu ya ganzi na vidonda mahali ambapo hatutapataja hapa. Akaambiwa, tena na wanawake wenzake, kwamba baiskeli si ya wasichana. Mimi niliiona hiyo baiskeli. Ncha ya kiti ilikuwa imeinuka kama pua ya mtu mwenye madharau. Kulegeza nati mbili, kukilaza kiti sawa, kukaza. Hakuna aliyekitazama. Walimtazama yeye, wakapata jibu walilokuwa nalo toka zamani. Baiskeli aliiuza.

Najua kuna wale wa kuniambia hizi ni deko za vijana wa mjini. Basi acha niwape mtu asiye na deko. Eddy Merckx, Mbelgiji aliyeshinda Tour de France mara 5, alianguka vibaya mwaka 1969 kwenye uwanja wa mbio wa Blois, Ufaransa, na nyonga zake hazikukaa sawa tena. Tangu hapo alijulikana kwa kurekebisha kiti bila kuchoka. Alikipandisha, akakiteremsha, wakati mwingine katikati ya mashindano. Huyo ndiye wengi wanamhesabu kuwa bingwa wa mabingwa wa baiskeli, na hakuwahi kuona aibu kushika spana. Lakini soja wa Industrial Area akilalamika goti, anaambiwa ni umri.

Upande wa pili kuna wale wa wikendi, wenye baiskeli za bei ya pikipiki na nguo za kubana. Siwachukii, barabarani tunapigiana kengele. Ila wameugeuza urefu wa kiti kuwa siri ya wataalamu, kitu cha kupimwa kwa kamera na kulipiwa maelfu. Na chini yao kuna muuzaji wa kile kifuniko cha kiti chenye povu, anayekuambia dawa ni ulaini. Nilikinunua. Kiti laini kilicho chini ni kiti kilicho chini. Goti halikalii povu.

Hesabu yenyewe haina siri. Mwaka 1967, watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha kipimo ambacho kinatumika mpaka leo: urefu wa mguu kwa ndani, mara 1.09. Vua viatu, egemea ukuta, bana kitabu kigumu katikati ya miguu kikiwa juu kabisa, weka alama ukutani, pima kutoka chini hadi kwenye alama. Wangu ni sentimita 84. Mara 1.09 inakuja kama 91.5. Huo ndio umbali wa kutoka kwa pedali, ikiwa imenyooshwa kufuata mstari wa ile paipu ya kiti, hadi juu ya kiti. Changu kilikuwa kwenye 84.

Huna futi? Fanya ya mzee. Vaa viatu unavyoendea kazini, shika ukuta, kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Halafu ukiendesha kawaida, kwa ile sehemu pana ya wayo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Hapo ndipo.

Mambo mengine manne, haraka. Usipandishe paipu hadi mwisho; ikiwa ina alama ya kikomo itii, na kama alama imefutika acha angalau sentimita 6 au 7 ndani ya fremu, la sivyo siku moja itavunjika ukiwa juu yake. Kilaze kiti sawa. Bao na pimamaji ya fundi wa nyumba vinatosha, hata simu ina kipimo. Kisogeze mbele au nyuma hivi: pedali zikiwa zimelala sawa, teremsha timazi, uzi wenye nati mwishoni, kutoka mbele ya goti lililotangulia. Iangukie karibu na ekseli ya pedali. Kwenye Black Mamba nyingi hata ile klampu ya kiti inaweza kugeuzwa, ukapata sentimita mbili zaidi mbele au nyuma. Na usipande zote siku moja. Mimi nilipandishiwa zote jioni ile, na nyuma ya mapaja ilinidai wiki nzima. Panda sentimita moja, siku chache, halafu nyingine. Goti likiwa limevimba, au linauma hata ukiwa umelala, hilo si la fundi. Nenda hospitali.

Hoja moja tu ya maana nimeisikia dhidi yangu, na sitaikwepa. Watu wanashusha viti makusudi. Kiti kikiwa chini nyayo zote mbili zinafika lami bila kushuka, na kwenye Jogoo Road, ambapo mathree inaweza kukatiza mbele yako bila hata indiketa, kufikisha miguu chini ni suala la uhai. Kijana mmoja wa kusambaza mikate aliniambia waziwazi: afadhali goti kuliko kichwa.

Hapo sicheki. Ana haki ya kuogopa. Lakini kuna njia ya kusimama. Ukifunga breki, toka kwenye kiti, teleza mbele, shusha mguu mmoja, mwingine ubaki kwenye pedali tayari kuondoka. Inajifunzwa kwa jioni moja kwenye uwanja wa kanisa. Na kama moyo bado haujakubali, acha kiti sentimita moja au mbili chini ya hesabu. Mimi mwenyewe nimeacha moja. Kuna tofauti kubwa kati ya moja na saba.

Halafu tujiulize hiyo hofu imetoka wapi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliandika sera ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwao. Mwaka 2022 tulifunguliwa Expressway ya kulipia, ambayo baiskeli hairuhusiwi kuikanyaga. Outer Ring kuna njia ya pembeni kweli, na asubuhi utakuta humo pikipiki, magari yameegeshwa, na jiko la mahindi ambalo mwenyewe naye hajapewa pa kuliweka. Ndani ya hiyo barabara, kushusha kiti ni kama kulala na viatu: unajua wakati wowote utakimbia. Yule kijana wa mikate analipa kwa goti lake kitu ambacho kililipiwa ushuru. Na akilalamika? Atazoea. Ni neno lile lile, limehama tu kutoka kwa kiti hadi kwa mji.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kinarekebishwa kwa spana. Nilipoacha chuo watu walitaka niseme ama nilifeli ama niliona mbali. Hakuna hata moja. Pesa iliisha. Huko hapakuwa na nati ya kulegeza, nilitafuta. Kuna maumivu ya kuvumiliwa tu, kama msiba na umaskini wa mwaka fulani, na kwa hayo uvumilivu ni heshima. Ndiyo maana nakasirika tukiumwaga uvumilivu wetu kwenye kiti cha baiskeli. Hauko mwingi hivyo.

Desemba nilimpelekea mjomba baiskeli aione. Niliipakia juu ya basi hadi shags. Alikuwa amekaa nje, mguu mmoja ameunyoosha kwenye stuli kama anavyokaa siku hizi. Siwezi kuapa kwamba magoti yake yaliharibiwa na kile kiti. Miaka 19 ya kusimama getini usiku kucha ingetosha, na daktari hakumwambia sababu. Lakini nilitaka aijaribu. Nikaisimamisha kando ya ukuta, nikaishika keria kama mzee alivyonishikia, nikamwambia, "Anko, panda kidogo tu, nimekushika."

Ilimchukua muda kupanda. Alipokaa, akaweka mguu kwenye pedali, akauteremsha polepole. Ukanyooka. Akarudisha, akateremsha tena. Hakusema kitu. Akashika paipu kwa mkono, pale palipokuwa na girisi, akatazama kipande cha chuma kinachong'aa ambacho miaka yote kilikuwa kimefichwa ndani ya fremu.

"Kwani hii ilikuwa inapanda?"

"Ndiyo, anko."

"Mimi nilidhani ndiyo mwisho wake."

Tulikaa hapo hadi chai ikaletwa. Sikuwa na la kumwambia, na sina mpaka leo.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kulala, toka na baiskeli yako. Hata kama haikuumi. Weka kisigino kwenye pedali, uone nani alikipanga hicho kiti, na alikipanga kwa miguu ya nani. Spana nambari 14, wakati mwingine 13. Kama huna, fundi wa steji yenu anayo. Na mtu akikuambia utazoea, mwulize kwanza kama ametazama nati.